Uzi Mwekundu

Mwezi wa pili, mvua ikigonga dirisha la jikoni Ghent,
nilitandaza ramani ya Anatolia mezani,
nikaulaza uzi mwekundu juu ya barabara,
kona kwa kona, nikiubana kwa pini za kushonea,
nikaupima kwa rula.
Kayseri hadi Malatya: sentimita arobaini na mbili.
Nikagawa, nikaandika: siku nne.
Dada yangu Lieselot alisimama na sufuria mkononi:
"Na vilima?"
Uzi hauna kilima, nikamjibu,
nikacheka, mimi niliyezaliwa
mahali ambapo mlima mkubwa ni daraja la mfereji.

Njia ya mwongo ni fupi.

Siku ya tatu, upepo.
Si ule wa kupeperusha kofia.
Upepo wenye mabega, uliosimama katikati ya lami
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Gia ndogo kuliko zote,
na bado majani ya kandoni yalinipita mbio, yameinama,
yakielekea nilikotoka.
Nilihesabu nguzo za umeme. Nikaacha kuhesabu.
Nilibeba hema, jiko la spiriti, mchele,
vipuri vya kila kitu ambacho hakikuharibika,
na kitabu kinene kilichopanda milima miwili bila kufunguliwa.
Kila kilo niliyoidharau sebuleni
ilipanda nami ikinung'unika.

Kisha mbwa. Watatu, wa kulinda kondoo,
shingoni kola za miiba ya chuma.
Nilikuwa nimesoma: shuka, iweke baiskeli kati yenu,
usikimbie.
Nilishuka. Magoti yangu hayakuwa yamesoma.
Mchungaji alipiga mluzi kutoka mbali, mara moja tu,
nao wakageuka kama waliokumbuka jambo nyumbani.
Hakunisalimu. Aliinua fimbo kidogo,
akaendelea na kondoo wake.

Kilomita thelathini na nane
kati ya tisini nilizoziandika kwa wino,
nikafika kituo cha mafuta:
pampu mbili, moja imevishwa gunia.
Abidin, mwenye kituo, alinitazama,
akaibonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba
kama anayechagua tikiti sokoni.
Nilikuwa na maneno kumi na mawili ya Kituruki.
Niliyatumia yote.
Akanionyesha nyuma, penye miaprikoti mitatu
na bafu kuukuu lililogeuzwa hori la kunyweshea.

Chai ililetwa, bilauri nyembamba yenye kiuno.
Nikimaliza, inajaa.
Nikishukuru, inajaa.
Kwenye ya sita nilimwona dereva wa lori
akilaza kijiko juu ya mdomo wa bilauri yake,
wakamwacha.
Nikalaza changu.
Kicheko walichokicheka sitakisahau;
hakikuwa na ubaya hata chembe.

Usiku upepo ulirudi kudai kilichobaki.
Mshono wa hema uliachia saa nane,
nikalala na nyota miguuni.

Asubuhi mkewe, Gülizar, alikuja na sindano kubwa ya magunia,
akapapasa mifuko ya aproni, akasonya:
uzi hana.
Nikaifungua ramani.
Pini moja moja, kona moja moja,
nikamng'olea safari yangu yote,
akailamba ncha, akaitunga.
Alishona akitikisa kichwa kwa rangi ile,
nyekundu juu ya kijani,
mishono mikubwa kama ya jeraha la ng'ombe.

Nilimuuliza Abidin, Gürün ni mbali?
Hakutaja kilomita.
Alinyoosha kiganja, akakipandisha,
akakipandisha tena hadi juu ya kofia yake,
kisha akakiangusha, na akapuliza:
fuu.

Sasa ramani ina matundu tu.
Nikiiinua juani, mwanga unapita palepale pa barabara.
Kabla ya kupanda baiskeli nilimwandikia Lieselot
maneno mawili:
vilima vipo.